Chumvi isiyo na ladha: sulfati ya taliumu



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya hatari zinazoonekana: jiwe linaloning'inia juu ya kichwa, waya wa umeme uliochubuka, mkanda wa mashini unaokamata mkono wa shati. Leo tutasema juu ya kitu kisichotoa sauti wala moshi. Ni unga mweupe. Hauna harufu. Hauna ladha ya kukuonya. Ukitiwa ndani ya maji unayeyuka, na maji yanabaki safi kama yalivyotoka bombani. Ukiwekwa katika kisahani karibu na chumvi ya kupikia, hata mama mwenye macho mazuri hataweza kusema hii ni chumvi na hii ni sumu. Jina lake ni sulfati ya taliumu.

Wengine watauliza: sisi tunachimba shaba, kobalti na zinki, taliumu inatuhusu nini? Swali ni zuri. Jibu lake ni refu kidogo, kwa hiyo tuanze na metali yenyewe.

INATOKA WAPI?

Taliumu ni metali. Katika orodha ya elementi ina nambari 81, yaani imekaa katikati ya zebaki, nambari 80, na risasi, nambari 82. Ukijua majirani wa mtu umeanza kumjua mwenyewe. Ikiwa safi ni laini, inakatika kwa kisu, na ni nzito kuliko risasi kidogo.

Mwaka wa 1861 Mwingereza mmoja, William Crookes, alikuwa akichunguza tope lililobaki katika kiwanda cha asidi ya sulfuri huko Ujerumani. Alitia kidogo katika moto, akatazama mwanga wake kwa chombo kinachotenganisha rangi. Akaona mstari mmoja wa kijani kibichi ambao hakuna metali iliyojulikana wakati ule iliyoutoa. Akaipa metali hiyo mpya jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya chipukizi. Mwaka uliofuata Mfaransa Claude-Auguste Lamy akapata donge la metali yenyewe.

Tazameni vizuri ilikoonekana mara ya kwanza. Haikutoka katika mgodi wa taliumu. Ilitoka katika masazo ya kiwanda. Hata leo mambo ni hivyo hivyo: karibu taliumu yote inayouzwa duniani inatolewa katika vumbi na tope la viwanda vinavyoyeyusha zinki, risasi na shaba. Imefichwa kidogo kidogo ndani ya madini ya sulfuri. Madini hayo yakichomwa tanuruni, taliumu inageuka mvuke, inapanda na moshi, halafu inapoa na kushika juu ya vumbi la bomba na la vichujio. Katika kiwanda cha zinki kinachotumia umeme na asidi, inajificha pamoja na kadmiumu katika tope linalotolewa wakati wa kusafisha maji ya zinki. Kwa hiyo kile kilichokuwa kidogo sana ndani ya jiwe kinakusanyika mahali pamoja, na mahali pale ndipo anapotumwa mtu mwenye sepetu na ufagio.

Watu wa Kipushi wanaelewa habari hii upesi kuliko wengine. Mgodi wao, uliofunguliwa katika miaka ya 1920, ukafungwa mwaka wa 1993, na ukaanza tena kutoa zinki mwaka wa 2024, haukuwa kamwe mgodi wa metali moja. Pamoja na zinki palikuwa na shaba, risasi, fedha, kadmiumu na jermaniumu. Madini ya zinki ya sulfuri ni kama gari la abiria: anayelipa nauli ni zinki, lakini nyuma kuna watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Taliumu ni mmoja wa abiria wa aina hiyo. Mtu anayefanya kazi na vumbi la tanuru au tope la kadmiumu, popote alipo, asiulize tu "kuna zinki ngapi?" Aulize pia nini kingine kimo.

CHUPA NZITO YA LABORATWARI

Kuna mahali pa pili ambapo mtu wa migodi anaweza kukutana na chumvi za taliumu, napo ni laboratwari ya mawe. Mwaka wa 1907 Mwitalia Enrico Clerici alionyesha kwamba chumvi mbili za taliumu, formati na malonati, zikiyeyushwa pamoja katika maji kidogo, zinatoa maji mazito ya ajabu. Lita moja ya maji ya kawaida ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya maji ya Clerici ina kilo 4 na robo. Jiwe la kwazi likitiwa ndani linaelea kama kipande cha mti. Malakiti nayo inaelea. Kasiteriti inazama. Kwa njia hiyo wachunguzi waliweza kutenganisha punje za madini bila mashini yoyote.

Ni kazi nzuri, lakini maji yale ni sumu kali, nayo hayangojei kunywewa. Yanapita katika ngozi. Mtu akiyashika bila glavu, akajifuta mikono katika suruali, akaenda kula, amejipa sumu mara tatu: kwa mkono, kwa nguo, na kwa mdomo. Siku hizi kuna maji mengine mazito yanayotengenezwa kwa tungsteni, ambayo hayana ubaya huo, na laboratwari nyingi zimehamia huko. Lakini chupa za zamani huwa na maisha marefu. Ukiona katika kabati la nyuma chupa ndogo yenye maji meupe au ya manjano hafifu, na ukiinyanyua unashangaa uzito wake, usiifungue kwa kutaka kujua. Iache palepale, mwite mkubwa wa laboratwari.

Mahali pa tatu ni nyumbani. Tangu miaka ya 1920 sulfati ya taliumu iliuzwa katika nchi nyingi kama dawa ya panya, kwa sababu ileile tuliyokwisha kusema: panya haonji wala hanusi kitu, anakula mpaka anashiba. Marekani iliizuia katika nyumba za watu mwaka wa 1965 na kwa kazi yote ya kuua wanyama mwaka wa 1972. Mwaka wa 1973 Shirika la Afya Duniani likashauri isitumiwe tena kuua panya. Leo dawa nyingi za panya ni za aina nyingine. Lakini unga unaopimwa sokoni kwa kifuniko cha chupa na kufungwa katika kipande cha karatasi, bila jina la kiwanda wala jina la dawa, ni nani anayejua ni nini? Hata muuzaji hajui.

MWIZI ALIYEVAA KASKE YA MWENZAKO

Kwa sababu gani sumu hii ni mbaya hivi? Ndani ya mwili wetu kuna chumvi moja ya lazima, potasiumu. Tunaipata katika ndizi, maharagwe, viazi na majani. Mishipa ya fahamu, nyama ya mwili na moyo haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Kila chembe ya mwili ina milango ya kuingizia potasiumu. Basi, taliumu ikiwa katika chumvi yake inafanana na potasiumu karibu kabisa kwa ukubwa na kwa umeme wake. Ni kama mwizi aliyevaa nguo ya kazi ya mwenzako na kaske yake: mlinzi wa mlango anamwona anapita, anamsalimia.

Ikisha kuingia, haifanyi kazi ya potasiumu. Inashika mahali na kuharibu. Inazuia chembe zisitengeneze nguvu, na inajifunga na sulfuri iliyo ndani ya protini za mwili. Ndiyo sababu nywele, zenye sulfuri nyingi, zinaanguka, na ndiyo sababu mishipa mirefu ya fahamu, ile inayofika mpaka nyayo za miguu, inaumia kwanza.

Kiasi gani kinaua? Kwa mtu mzima, gramu moja hivi inatosha, na wengine wamekufa kwa chini yake. Kijiko kidogo cha chai kinabeba gramu 5 za chumvi ya kawaida. Glasi ya maji inaweza kuyeyusha gramu 9 hivi za sulfati ya taliumu bila mtu kuona kitu. Kwa mtoto hatuna haja ya kupiga hesabu.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe la leo, ambalo tungependa kila mtu alishike. Sumu hii haisemi jina lake siku ya kwanza. Inajificha nyuma ya magonjwa mengine, na alama yake ya wazi inakuja wakati umepita.

Siku ya kwanza na ya pili mtu anasikia kichefuchefu, anatapika, tumbo linamkata. Anasema ni chakula cha jana. Mara nyingi hata kuhara hakuendelei; kinyume chake tumbo linafunga, haendi choo siku nyingi. Kati ya siku ya pili na ya tano miguu inaanza. Kwanza ganzi na kuwashwa katika vidole, halafu moto katika nyayo. Watu waliopata sumu hii wanasema hawawezi kuvumilia hata shuka kugusa miguu yao. Mgonjwa anakaa kitandani na miguu nje, usiku hapati usingizi. Mikono inaweza kufuata. Moyo unakimbia, damu inapanda. Wengine wanachanganyikiwa, wengine macho yanapungua nguvu.

Nywele ziko wapi wakati huo? Ziko kichwani, zinang'aa. Zinaanza kuanguka kati ya siku ya 10 na ya 21. Asubuhi mtu anaamka na kuziona juu ya mto, au mama anachana kichwa cha mtoto na kitana kinajaa. Katika majuma mawili kichwa kinaweza kuwa kitupu. Nyusi zinaanguka upande wa nje, na za karibu na pua mara nyingi zinabaki. Baada ya mwezi hivi kucha zinatoa mstari mweupe unaovuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kila kidole mstari wake.

Kabla ya nywele kuanguka, mganga asiyeambiwa kitu ataona tu mtu mwenye tumbo na miguu inayochoma. Atafikiri kisukari, pombe, ukosefu wa vitamini. Si kosa lake, kwa sababu magonjwa hayo ni mengi na taliumu ni ya nadra. Nyumbani watu nao watatafuta sababu yao. Mtu aliyekuwa na nguvu juma lililopita, leo hawezi kukanyaga chini, nywele zinamtoka: jirani hawatakosa kusema amelogwa, na siku zenye thamani zinapotea kwa safari za kutafuta aliyemloga.

MAMBO YALIYOTUKIA KWELI

Mwaka wa 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 aliletwa kutoka Qatar mpaka hospitali moja ya London. Alikuwa karibu kufa, na waganga wakubwa hawakujua ugonjwa wake. Mwuguzi aliyemlinda alikuwa akisoma kitabu cha Agatha Christie, The Pale Horse, kilichotoka mwaka wa 1961, ambamo watu wanauawa kwa taliumu na nywele zao zinaanguka. Akatazama kichwa cha mtoto: nywele zilikuwa zikipungua. Akawaambia waganga bila kuona haya. Mkojo ukapimwa, taliumu ikaonekana. Nyumbani kwao wazazi walitumia sumu hiyo kuua mende na panya, na mtoto alikuwa ameifikia. Akatibiwa, akapata nafuu, akarudi kwao. Hapa kuna jambo la kutazama: aliyeokoa mtoto hakuwa mwenye cheo kikubwa katika chumba kile. Alikuwa yule aliyeona nywele na akasema.

Habari ya pili haikumalizika vizuri. Mwishoni mwa 1994 msichana mmoja huko Beijing, Zhu Ling, mwanafunzi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, aliumwa tumbo, na nywele zake zote zikaanguka. Zikaanza kuota tena, akarudi masomoni. Mwaka wa 1995 akaanguka tena, safari hii kwa maumivu makali ya miguu, halafu akapoteza fahamu. Rafiki zake wakaandika habari za ugonjwa katika mtandao wa kompyuta, jambo lililokuwa jipya wakati ule, na waganga wa nchi nyingi wakajibu: pimeni taliumu. Ilipopimwa ilionekana kwa wingi. Dawa ikatolewa na maisha yakaokoka, lakini ubongo na macho vilikuwa vimekwisha kuharibika. Wazazi wake walimtunza mpaka alipokufa mwezi wa Desemba 2023. Aliyemtilia sumu hakupatikana. Sisi tunashika jambo moja tu: nywele zilianguka mara ya kwanza, na taliumu haikupimwa.

Habari ya tatu inawahusu wenye mashamba karibu na bomba la kiwanda. Mwaka wa 1979 huko Lengerich, mji mdogo wa Ujerumani, watu waliona wanyama wakipoteza manyoya na majani ya bustani yakibadilika. Sababu ilipatikana katika kiwanda cha saruji. Kilikuwa kikichanganya katika saruji masazo ya chuma kutoka madini ya sulfuri yaliyokwisha kuchomwa kwingine, na ndani ya masazo hayo kulikuwa na taliumu. Moto wa tanuru uliitoa, ikapita na vumbi, ikaanguka juu ya bustani. Watu zaidi ya elfu moja walipimwa mkojo. Je, ni nani walioonekana na taliumu nyingi kuliko wengine? Si waliovuta hewa ya mtaa peke yake. Ni wale waliokula mboga na matunda ya bustani zao wenyewe.

Katika jimbo la Guizhou, kusini magharibi mwa China, kijiji cha Lanmuchang kilipata taabu ya namna hiyo katika miaka ya 1960 na 1970, watu wakipoteza nywele. Udongo ulichafuliwa na mawe ya mgodi yenye zebaki na taliumu. Mboga iliyovuta taliumu kupita zote ilikuwa kabichi, ile tunayoita shu. Jamii yote ya kabichi ina tabia hiyo. Hatusemi akina mama waache kulima. Tunasema: msilime shu wala lengalenga juu ya tope lililotupwa na kiwanda, wala juu ya masazo ya tanuru, hata kama udongo ule ni mweusi na unashika maji vizuri. Majani yaliyo karibu na barabara ya malori ya vumbi yaoshwe mara mbili, tatu. Lakini mjue kwamba kuosha kunaondoa vumbi la juu tu. Sumu iliyopanda kwa mizizi haitoki kwa maji.

DAWA ZA UONGO NA DAWA YA KWELI

Kambini kuna imani ya zamani kwamba maziwa yanaua sumu yote. Wengine wanasema mafuta ya mawese, wengine yai bichi. Kwa taliumu hakuna hata moja linalosaidia. Maziwa ni chakula kizuri, mpeni mtoto kila siku mkiweza, lakini hayashiki taliumu. Wengine wenye elimu kidogo wanasema: kama taliumu inachukua mahali pa potasiumu, basi mtu ale ndizi nyingi. Hapana. Potasiumu nyingi inaweza kusukuma taliumu kutoka ndani ya chembe na kuirudisha katika damu, na maumivu yakaongezeka. Tena msimtapishe mtu kwa nguvu kwa vidole au maji ya chumvi.

Dawa ya kweli ina habari ya kuchekesha, kwa sababu ni rangi. Inaitwa bluu ya Prusia, ilitengenezwa huko Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700 kwa ajili ya wachoraji. Zaidi ya miaka 250 ilipita kabla ya watu kujua kwamba inakamata taliumu. Inafanya kazi hivi: mwili hujaribu kutoa taliumu kwa kuimimina katika matumbo, lakini matumbo yanaivuta tena, ikarudi katika damu, ikazunguka hivyo majuma mengi. Bluu ya Prusia haiingii katika damu. Inakaa tumboni kama mtego, inashika taliumu inayopita na kutoka nayo chooni. Choo cha mgonjwa kinakuwa cha bluu, asiogope. Kwa mtu mzima waganga hutoa gramu 3 mara tatu kwa siku, na wanaendelea mpaka mkojo unapoonyesha kwamba sumu imepungua. Hospitali kubwa zinaweza pia kuongeza makaa maalum ya dawa na mashini ya kusafisha damu.

Neno moja kwa akina mama: ile bulu ya kufulia nguo nyeupe si dawa hiyo, hata kama rangi zinafanana. Nyingi ni rangi nyingine kabisa. Wala rangi ya duka la wachoraji haifai. Dawa imesafishwa na kupimwa, na anayeitoa ni mganga.

Ubaya ni kwamba dawa hiyo haiko katika kila hospitali. Mwaka wa 2008 huko Baghdad familia mbili zilikula keki iliyotiwa taliumu, na dawa ikabidi iletwe kutoka nje ya nchi. Watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Kwa hiyo kila siku inayopotea nyumbani ni siku ambayo ingetumiwa kutafuta dawa.

Mtu akipona, nywele zinaota tena baada ya miezi michache, na mara nyingi zote. Miguu haina ahadi hiyo. Wengine wanabaki na ganzi na maumivu miaka mingi. Mama mwenye mimba naye ajue kwamba taliumu inavuka na kumfikia mtoto tumboni.

KATIKA KAZI

Kipimo cha hewa kinachokubaliwa katika nchi nyingi kwa muda mrefu ni miligramu 0.1 ya taliumu katika meta moja ya ujazo ya hewa kwa siku ya kazi, na wataalamu wengine siku hizi wanataka 0.02 tu. Kipimo hicho huandikwa pamoja na onyo la ngozi, maana maski peke yake haitoshi. Anayefagia vumbi la vichujio au kutoa tope la kadmiumu anahitaji maski ya vumbi inayokaa vizuri usoni, glavu za mpira zisizo na tundu, na nguo zinazobaki kazini. Vumbi lilowanishwe kabla ya kufagiwa; mwenye kutumia hewa ya mashini kupuliza vumbi la tanuru anawapelekea wenzake wote. Kula na kuvuta sigara ni nje ya mahali pale, baada ya kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Sigara iliyoshikwa kwa mkono wenye vumbi ni njia fupi ya kwenda mdomoni, na kumeza ndiyo njia inayopenda sumu hii kuliko zote.

Nguo za kazi zisiletwe nyumbani. Tunajua wengi wanazileta kwa sababu bibi anafua vizuri kuliko mashini ya kazini. Lakini anayezikung'uta uani ni yeye, na mtoto anayecheza chini ya kamba ya nguo ni wako.

Na vyombo: bidoni, ndoo au pipa lililobeba tope, vumbi au chumvi za laboratwari lisiende kambini, hata likioshwa mara kumi. Tunasema hivi tukijua bei ya bidoni mpya. Bidoni lililochukua kitu kisicho na rangi, harufu wala ladha, utajuaje kama limetakata? Maji ya kunywa yakikaa ndani hayatakuambia. Bidoni la namna hiyo litobolewe kazini, lisitumike tena.

Sumu ikimwagikia mtu, avue nguo zote upesi, aoge kwa maji mengi na sabuni, halafu aende kituo cha afya hata kama hasikii kitu. Asingoje tumbo. Akiwa amemeza, asukutue mdomo, apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka achukue chupa au karatasi ya dawa, ikiwa imefungwa vizuri katika mfuko.

Mganga anapouliza "unaumwa nini?", msijibu "tumbo" au "miguu" na kunyamaza. Mwambieni: ninafanya kazi mahali fulani, ninashika vumbi la tanuru, au tope la zinki, au chupa za laboratwari, au nyumbani tumetia dawa ya panya isiyo na jina. Mwambieni tumbo lilianza siku gani na miguu siku gani. Kama nywele zinaanguka, mvue kofia, mama naye afungue kitambaa. Kisha ombeni mkojo upimwe taliumu. Mtu asiyeguswa na sumu hiyo ana chini ya mikrogramu 5 katika lita moja ya mkojo; aliyepewa sumu ana mamia, hata maelfu. Mkojo wenyewe ni wa saa 24, ukusanywe wote katika chombo safi cha plastiki kinachotolewa na hospitali, na juu ya karatasi yake, chini ya jina lako, waandike pia kazi unayofanya.